Tangawizi: Mmea Usiosafiri Ila kwa Mkono wa Mtu

 

Ndugu wasomaji, katika nyumba zetu za pwani ni nadra kukuta jiko lisilo na tangawizi. Hupondwa kinuni ikatiwa katika chai ya asubuhi na kahawa ya jioni. Hutwangwa pamoja na thomu ikawa msingi wa pilau na biriani na mchuzi wa samaki. Mwenye mafua huchemshiwa akapewa pamoja na asali na ndimu, na mzazi aliye katika arubaini hutiliwa katika uji wake pamoja na pilipili manga. Na desturi ya mwanadamu ni kuwa kitu akikizoea hakiulizi tena asili yake. Kikiwamo kapuni hutumiwa, kikiisha hutumwa mtoto sokoni, na mambo yamekwisha.

Leo twapenda kuuliza mambo mawili. Kwanza, mmea huu huotaje? Pili, ulitufikiaje? Na msomaji ataona kuwa mambo mawili haya ni jambo moja, kwani taarikhi yote ya tangawizi imetokana na namna iotavyo. Mwenye kuifahamu tangawizi ilivyo ardhini ataifahamu safari yake baharini, na kisha atapata la kuzingatia katika nyumba yake mwenyewe.

NAMNA IOTAVYO

Watu wengi husema kuwa tangawizi ni mzizi. Si mzizi. Ni shina, ila ni shina linalotambaa chini ya udongo badala ya kusimama juu yake, na wataalamu wa mimea huliita tunguu. Dalili yake ni vifundo na macho. Chukua kipande chochote cha tangawizi mbichi ukitazame: utaona mistari ya vifundo imekizunguka, na penye vifundo pana macho madogo, ambapo mzizi hauna vifundo wala macho. Mizizi ya kweli ni ile myembamba itokayo chini ya tunguu, nayo hubanduliwa wakati wa kuosha.

Kile tukionacho juu ya ardhi na kukidhani kuwa ndicho shina, nacho si shina. Ni maganda ya majani yaliyojiviringa moja ndani ya jingine, kama ulivyo mgomba. Hufika urefu wa mita moja hivi, na majani yake ni membamba marefu. Jamaa zake katika mimea ni manjano, iliki na khulinjani, na mwenye kuipanda manjano na tangawizi bega kwa bega ataona udugu wao bila ya kuambiwa.

Mkulima apandapo tangawizi hapandi mbegu kama za mahindi au mchicha. Hukata kipande cha tunguu cha sentimita 3 mpaka 5, chenye jicho moja au mawili, akakifukia kina cha sentimita 5 mpaka 10 mvua kubwa zinapokaribia. Udongo uwe tifutifu, wenye mbolea ya majani yaliyooza, wala usituamishe maji, kwani tangawizi hupenda unyevu lakini haipendi kuzama. Kivuli kidogo huifaa, na kufunikwa kwa majani makavu huifaa zaidi. Baada ya wiki chache jicho huchipua. Chini ya chipukizi lile shina huvimba, likatoa kidole kimoja, na kidole kile kikatoa vingine upande huu na upande huu, hata likawa tunguu lenye sura ya kiganja cha mkono. Kufika mwezi wa tano au wa sita yaweza kuchimbwa ikiwa changa, laini, isiyo na nyuzi. Ikiachwa mpaka mwezi wa nane au wa kumi, majani yakageuka manjano na kulala, huwa imekomaa, na ukali wake na nyuzi zake zimetimia.

Na kipande kile kilichopandwa kimekuwaje? Hapa pana jambo la kustaajabisha. Aghalabu hakifi upesi. Mkulima akichimba hukikuta kingali pale, kimekunjamana, kimezungukwa na watoto wake. Huko Nepal, chini ya milima ya Himalaya, wako wakulima ambao huufukua udongo pembeni kwa uangalifu katikati ya msimu, wakakitoa kile kipande cha mama wakakiuza, na watoto wakabaki ardhini wakiendelea kukua.

Tangawizi hutoa maua pia, japokuwa wengi wetu hatujayaona. Hutoka kwa kikonyo chake mbali na majani, kikiwa na kichwa cha magamba ya kijani, na humo hutokeza ua la rangi ya manjano hafifu lenye mdomo wa zambarau. Lakini ua hilo ni nadra mno kufunga mbegu. Wala haijulikani tangawizi ya mwituni, iliyojiotea yenyewe bila ya kupandwa na mtu. Kila inapopatikana duniani, imepandwa.

Basi tulizingatie hilo. Nazi huanguka ufukweni, ikachukuliwa na mawimbi, ikatupwa pwani nyingine ikaota. Kokwa la embe hutupwa na msafiri njiani, likawa mwembe. Mbegu za mpera huliwa na ndege, akaziangusha asikokujua. Tangawizi haina upepo, haina ndege, wala haina wimbi. Haivuki kijito isipokuwa mtu amekichukua kipande chake mkononi, amekihifadhi kisikauke wala kisioze, na zaidi ya yote, amejizuia asikile. Kila tangawizi tuipondayo leo ni mwili ule ule uliokatwa na kupandwa, ukakatwa na kupandwa tena, tangu zama za kale hata ikafika kwetu. Silsila hiyo haina pengo. Lau mahali pamoja katika njia yake mkono ungelegea, tawi lile lingekatika.

ILIKOANZIA

Wataalamu wanaifuatilia asili ya tangawizi mpaka pande za Kusini Mashariki ya Asia, na mabaharia wa kale wa visiwa vya huko ndio miongoni mwa waliotangulia kuichukua. Watu hao, ambao ni wazee wa Wamalai na Wafilipino na wengineo, walikuwa mahodari wa ngalawa kuliko watu wote wa zama zao. Walipohama kisiwa hadi kisiwa walichukua mimea yao vyomboni, na tangawizi ilikuwa mmoja katika mimea hiyo, hata ikafika visiwa vya mbali vya bahari ya Pasifiki. Jamaa ya watu hao ndio waliovuka bahari yetu ya Hindi katika miaka elfu ya kwanza baada ya Nabii Isa A.S. wakafika Madagaska, na hata leo lugha ya Kimalagasi ni ndugu wa lugha za kisiwa cha Borneo.

Uchina iliijua tangawizi mapema. Katika habari zilizohifadhiwa juu ya mwalimu wao Confucius, aliyeishi baina ya mwaka 551 na 479 kabla ya Isa, imetajwa kuwa tangawizi haikuwa ikikosekana katika chakula chake. Na Bara Hindi ndiko ilikostawi hata ikawa bidhaa ya kuuzwa ulimwengu mzima, hasa pwani ya Malabar iliyo upande wa pili wa bahari yetu. Mpaka hivi leo India ndiyo inayotangulia nchi zote kwa wingi wa tangawizi, na baada yake huhesabiwa Nigeria na Uchina.

Jina lake nalo limesafiri pamoja nayo. Watu wa kusini mwa India huiita inji. Katika Kisanskrit imeitwa shringavera. Kutoka Hindi jina lilipita Uajemi na likapita kwa Wayunani walioiita zingiberis, na kwa Waarabu likawa zanjabil. Na majina mengi ya Kizungu yametoka katika shina hilo hilo. Wako katika sisi watu wa pwani ambao kwa kusikia zanjabil na Zanjibar hudhani kuwa maneno mawili haya ni mamoja, na kuwa tangawizi imepewa jina la nchi yetu. Sivyo. Zanjibar ni Zanj na bar, yaani pwani ya Wazanji, na zanjabil ni neno lililotoka Hindi. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa nasaba.

WALIODHANI SOKO NI SHAMBA

Warumi waliipenda tangawizi na wakailipia fedha nyingi. Mwandishi wao Pliny, aliyekufa mwaka 79 baada ya Isa, ameieleza katika kitabu chake kikubwa cha habari za maumbile. Amewasahihisha waliodhani kuwa tangawizi ni mzizi wa mpilipili manga, akasema si hivyo ingawa ladha zinakaribiana, na akataja bei yake kuwa dinari 6 za Kirumi kwa ratili moja. Lakini alipoulizia inaota wapi, aliandika kuwa yaota Arabuni na katika pwani ya Afrika iliyo kandokando ya bahari ya Sham.

Kwa nini alisema hivyo, naye alikuwa mtu wa elimu? Kwa sababu huko ndiko ilikonunuliwa. Majahazi ya Waarabu na Wahindi yaliileta kwa pepo za musimu mpaka mlango wa bahari ya Sham, na kutoka hapo ikapanda kwa ngamia na vyombo mpaka Misri, na kutoka Misri mpaka Rumi. Mrumi aliiona katika mikono ya Mwarabu, akadhani imetoka katika shamba la Mwarabu. Aliliona soko, akalichukulia kuwa ndilo shamba.

Kosa hili halikwisha na Warumi. Ni watoto wangapi wetu leo ukiwauliza maziwa yanatoka wapi watakujibu dukani? Na ni wakubwa wangapi ambao ukiwauliza mila fulani au neno fulani la dini wamelipata wapi, watakutajia mahali walipolisikia mara ya mwisho, wala hawaijui asili yake? Kupokea kitu ni jambo moja, na kujua kilikotoka ni jambo jingine.

ZANJABIL KWA WAARABU

Waarabu wa zama za Mtume S.A.W. waliijua zanjabil na kuipenda katika vinywaji. Jina hilo limetajwa katika Qur'ani Tukufu mara moja, katika Suratul Insan, aya ya 17, kuwa ndicho kichanganyiko cha kinywaji watakachonyweshwa watu wema Peponi. Kabla yake, katika aya ya 5 ya sura hiyo hiyo, imetajwa kafuri. Wafasiri wameeleza kuwa kafuri ina sifa ya ubaridi na harufu njema, na zanjabil ina sifa ya joto na ladha kali. Na wametanabahisha kuwa vya Peponi havilingani na vya duniani ila kwa majina. Nasi katika upande wa taarikhi twaona jambo moja: kafuri na zanjabil zote mbili hazikuwa mazao ya jangwa la Waarabu. Zote ziliwajia kwa bahari kutoka mashariki. Watu wa Makka walizungumzishwa kwa vitu vya thamani walivyovijua sokoni mwao.

Wanazuoni wa lugha walilifuatilia neno hili. Al-Jawaliqi, aliyekufa mwaka 540 Hijria, amelihesabu katika maneno yaliyotoka Uajemi, na as-Suyuti, aliyekufa mwaka 911 Hijria, ameipokea kauli hiyo. Wengine waliona uzito kusema kuwa katika Qur'ani mna neno lisilo la Kiarabu, na miongoni mwao ni Imamu Shafii R.A. Abu Ubaid al-Qasim bin Sallam akazisuluhisha kauli mbili: asili ya maneno hayo ni ya wageni, lakini Waarabu waliyachukua wakayalainisha kwa ndimi zao kabla ya kushuka Qur'ani, kwa hiyo yalikuwa yamekwisha kuwa Kiarabu. Sisi Waswahili twaielewa vyema hoja hii, maana lugha yetu imejaa maneno ya namna hiyo, nayo ni maneno yetu.

Ipo pia hadithi, iliyopokewa na al-Hakim kutoka kwa Abu Said al-Khudri R.A., kuwa mfalme mmoja alimletea Mtume S.A.W. zawadi ya mtungi wa tangawizi, naye akawagawia Sahaba zake kipande kipande. Katika baadhi ya riwaya mfalme huyo ni wa Hindi, na katika nyingine ni wa Rumi. Ni habari tamu, na wengi hupenda kuisimulia. Lakini wanazuoni wa hadithi wameichunguza sanadi yake wakamkuta ndani yake mpokezi aliye dhaifu, na adh-Dhahabi ni katika waliolitanabahisha hilo. Basi tusiisimulie kama jambo lililothibiti. Tangawizi haihitaji hadithi dhaifu ili iwe na heshima, na Mtume S.A.W. hanasibishiwi ila lililo sahihi.

KATIKA BAHARI YETU

Tuje sasa pwani yetu. Mwaka 1331 alifika huku msafiri Ibn Battuta wa Tanja. Alipita Mogadishu, kisha Mombasa, kisha Kilwa. Huko Mogadishu alikaribishwa na kupewa chakula, naye akakieleza: wali wenye samli, na kando yake vitoweo, maziwa ya mgando, ndimu za kutiwa chumvi, pilipili za achari, tangawizi mbichi na maembe. Msomaji wa pwani akiisoma habari hii haoni ugeni ndani yake. Ni sinia tunayoijua. Na angalia kuwa amesema tangawizi mbichi, ya kijani, wala hakusema kavu. Kavu hukaa muda mrefu na huweza kuletwa kutoka mbali. Mbichi yataka iwe karibu, au iwe imesafirishwa kwa uangalifu mkubwa.

Na namna ya uangalifu huo ameitaja yeye mwenyewe mahali pengine katika safari yake. Alipofika bandari ya Calicut katika Malabar aliyakuta majahazi makubwa ya Kichina yakingojea musimu, akastaajabu kwa ukubwa wake na kwa watu waliokuwa wakikaa ndani yake pamoja na watoto wao. Akasema kuwa mabaharia wale walikuwa wakipanda mboga na tangawizi katika mabirika ya mbao, humo humo chomboni. Hii ndiyo sura ya tangawizi ikivuka bahari: udongo katika sanduku la mbao, na baharia akiupunguzia maji yake ya kunywa ili mmea usife.

Miaka 167 baada ya Ibn Battuta kupita Mogadishu, Wareno nao waliingia bahari hii. Mwezi wa Machi 1498 Vasco da Gama alikifikia kisiwa cha Msumbiji, na aliyeandika habari za safari ile akataja kuwa bandarini mlikuwamo vyombo vinne vya Waislamu vyenye shehena ya dhahabu, fedha, nguo, karafuu, pilipili manga na tangawizi. Aprili akawa Malindi, akapata rubani, na Mei akafika Calicut. Hawakuja kufundisha biashara ya bahari ya Hindi. Waliikuta imesimama, ina njia zake na sheria zake na watu wake wa dini mbalimbali, ikiendeshwa kwa karne nyingi.

Kisha tangawizi ikatolewa katika bahari hii ikapelekwa ng'ambo ya pili ya dunia. Katika karne ya 16 Wahispania waliipanda katika visiwa vya Amerika, na kabla karne ile haijaisha visiwa vya Hispaniola na Puerto Rico vilikuwa vikipeleka tangawizi Uhispania. Baadaye kisiwa cha Jamaica kikapata sifa kwa tangawizi yake nyeupe iliyomenywa na kukaushwa juani. Lakini yatupasa tukumbuke ni mikono ya nani iliyoichimba na kuimenya. Ilikuwa mikono ya watumwa waliotolewa Afrika kwa nguvu. Mmea ule ule uliobebwa na baharia kwa mapenzi katika sanduku lake, huku ulipandwa kwa mjeledi. Tangawizi haina dhambi. Dhambi ni ya aliyedhulumu. Na taarikhi inayosifu ladha ikamsahau aliyetoka jasho ni taarikhi pungufu.

HABARI YA JOTO LAKE

Matabibu wa Kiislamu waliihesabu tangawizi katika vitu vya joto. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, ameiweka katika dawa za kitabu chake cha al-Qanun, na Ibn al-Qayyim, aliyekufa mwaka 751 Hijria, ameitaja kuwa husaidia kuyeyusha chakula tumboni. Elimu ya siku hizi imeitafuta sababu ya joto hilo, ikakuta kuwa katika tangawizi mbichi mna kitu kiitwacho jinjaroli. Ikikaushwa, sehemu ya jinjaroli hugeuka shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Na ikipikwa sana, sehemu yake hugeuka zinjeroni, ambayo ni ya upole na ina utamu. Ndiyo maana tangawizi kavu huuma kuliko mbichi, na iliyochemka muda mrefu hulainika. Wapishi wetu walilijua hilo kwa ulimi kabla halijapewa majina. Hata Wahindi wana majina mawili, adrak kwa mbichi na sonth kwa kavu, wala hawaitumii moja mahali pa nyingine.

Imethibiti pia kuwa tangawizi husaidia kupunguza kichefuchefu, kikiwamo cha wajawazito. Hata hivyo dawa ni kwa kiasi. Mwenye kutumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi amuulize daktari kwanza kabla ya kuizidisha, na mjamzito naye afanye vivyo hivyo.

KIPANDE KISICHOLIWA

Sasa, ndugu msomaji, turudi katika lile tulilotangulia kulisema, nalo ndilo kiini cha maneno haya. Tangawizi haina mbegu iliyo mbali na chakula. Katika mahindi, mtu huchagua gunzi akalitundika dohani, na mengine akala. Katika mwembe, hula embe na kokwa likabaki. Lakini katika tangawizi kile unachokila ndicho kile kile unachokipanda. Hapana kinachobaki baada ya kula. Kwa hiyo kila mwaka mkulima husimama mbele ya mavuno yake akaamua: kipande hiki chungu, na kipande hiki ardhini. Kwa kukisia, yapata sehemu moja katika kumi ya mavuno hurudi udongoni. Mwaka wa neema uamuzi huo ni mwepesi. Mwaka wa dhiki, bei ikipanda na watoto wakawa na haja, mkono huvutwa kuuza yote. Na tena mkulima mwema hatengi vile vibovu kwa ajili ya mbegu, bali hutenga vile vilivyo nono na vizima, vile vile ambavyo mnunuzi angevilipia zaidi.

Hivyo ndivyo ilivyo elimu, na ndivyo yalivyo malezi. Elimu haina mbegu nje ya watu. Haipeperushwi na upepo ikaota yenyewe katika vifua vya watoto. Mtu aliyoipokea huweza kuitumia yote katika maisha yake, akapata kwayo riziki na heshima, kisha akafa nayo. Na huweza kukitenga kipande, kilicho kizuri, katika wakati wake ulio mzuri, akakipanda kwa mtoto wake au kwa mwanafunzi wake. Wengi wetu huwapa watoto wakati uliobaki: tumerudi kazini tumechoka, hasira zi juu, ndipo twasema tumlee mtoto. Hiyo ni kupanda vibovu na kuuza vizuri.

Tazameni yaliyo majumbani mwetu. Barua za babu zetu zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zimo sandukuni, na katika nyumba nyingi hapana anayeweza kuzisoma. Mapishi ya sikukuu yamo katika kichwa cha bibi mmoja mwenye miaka themanini. Nasaba za watu, majina ya pepo na nyota za mabaharia, dawa za miti, adabu ya kumwamkia mkubwa na kumtuliza mfiwa: haya yote yalipita mkono kwa mkono kwa mamia ya miaka. Hayakupotea kwa vita wala kwa gharika. Hupotea kizazi kimoja kikila yote kikasahau kupanda. Kizazi kimoja tu kinatosha.

Na liko jambo la pili, ambalo ni zito zaidi. Tangawizi haipitishi uzima peke yake, hupitisha na maradhi. Kuna mnyauko uletwao na bakteria, na kuna kuoza kuletwako na ukungu, na yote mawili hukaa ndani ya kipande cha kupandia. Kipande chaweza kuwa kizuri machoni, kimenona, kina macho mazima, na ndani yake kimebeba kitakachoangamiza shamba zima mvua zikishika. Kwa ajili hiyo wakulima wajuzi hawachagui mbegu kwa kutazama rundo lililokwisha kuchimbwa. Huchagua shambani, majani yangali yamesimama, kwani huko ndiko unakoonekana mmea ulionyauka na mmea uliopona. Wala hawapandi mahali pamoja kila mwaka, wala baada ya nyanya au bilinganya au pilipili, maana maradhi ya mnyauko hushirikiana.

Basi na sisi tunapopanda katika watoto wetu, tusidhani kuwa tunapanda tulitakalo tu. Baba amfundishaye mwanawe sala huku akimpunja mnunuzi mbele ya macho yake, amepanda vyote viwili katika shimo moja. Mama amfundishaye bintiye heshima huku akimsengenya jirani, vivyo hivyo. Mtoto hapokei maneno yetu tukabaki na vitendo vyetu. Hupokea kipande kizima. Ndiyo maana wanazuoni wetu wakasisitiza mtu atazame ni kwa nani anapokea dini yake, na wakajenga elimu nzima ya sanadi, kuwajua wapokezi mmoja mmoja, ukweli wao na hifadhi yao. Wao nao walimchagua mpokezi kwa maisha yake yalivyoonekana, hawakuridhika na uzuri wa maneno yake.

Mwisho, ndugu zangu, mwenye uwa au kibaraza na apande. Sufuria kuukuu au ndoo iliyotobolewa chini yatosha. Tafuta kipande kinono chenye macho yaliyoanza kutokeza, kifukie kidogo katika udongo mwepesi uliochanganywa na samadi iliyooza, uweke mahali penye kivuli cha asubuhi au cha jioni, na umwagilie bila ya kufurikisha. Mpe mtoto kazi ya kukitunza. Atajifunza subira ya miezi minane, naye siku ya kuchimba atakuuliza: sasa tuile yote? Hapo mweleze habari za mabaharia na masanduku yao ya mbao, kisha mwache achague mwenyewe kipande cha kurudisha ardhini.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe katika wenye kupokea amana kwa uzuri na kuifikisha kwa uzuri, na akitengeneze kizazi chetu baada yetu. Amin. Wabillahi tawfiq.